India kwa mara ya kwanza: chagua kona moja, usiibebe nchi nzima

Wafanyabiashara wengi wa ukanda wetu wanaifahamu India kupitia ankara. Wanajua bei ya vipuri vya pikipiki, dawa, vitambaa vya Surat na mashine za kukamua alizeti, na wapo waliokwisha kufika Mumbai mara tatu au nne. Waulize wameona nini huko, watakutajia hoteli, ghala la muuzaji na uwanja wa ndege. Makala hii ni kwa ajili ya yule ambaye safari hii anataka kwenda kutembea: mwenyewe, au na mwenzi wake, au na mzazi aliyemaliza matibabu na daktari amemruhusu kuzunguka kidogo kabla ya kurudi nyumbani.

Jambo la kwanza ni ukubwa. India ina kilomita za mraba zipatazo milioni 3.29, yaani zaidi ya mara tatu ya Tanzania, na watu zaidi ya bilioni 1.4. Katiba yake inaorodhesha lugha 22. Treni moja iitwayo Vivek Express hutoka Dibrugarh, kaskazini mashariki, hadi Kanyakumari kwenye ncha ya kusini. Hutembea zaidi ya kilomita 4,100 na hukaa njiani zaidi ya saa 70. Dereva aliyezoea Mombasa hadi Kampala ataelewa hesabu hiyo: ni zaidi ya mara tatu ya njia yake, bila kuvuka mpaka hata mmoja.

Ukitaka kuona jinsi vivutio vilivyotawanyika, zitazame noti za nchi hiyo. Nyuma ya noti ya rupia 10 kuna hekalu la Konark, jimbo la Odisha, mashariki. Noti ya 20 ina mapango ya Ellora, Maharashtra. Ya 50 ina gari la mawe la Hampi, Karnataka, kusini. Ya 100 ina Rani ki Vav, kisima cha ngazi kilichopo Patan, Gujarat, magharibi. Ya 200 ina mnara wa Kibudha wa Sanchi, katikati ya nchi, na ya 500 ina Red Fort ya Delhi, kaskazini. Noti sita, maeneo sita. Mgeni wa siku 10 hawezi kuyafikia yote kwa utulivu, na akijaribu atalipia ndege na treni kuliko atakavyolipia vivutio.

Mwandishi wa makala hii alifanya kosa hilo. Safari yake ya kwanza alipanga miji mitano kwa siku tisa, kwa sababu kwenye ramani ilionekana inawezekana. Alichokifahamu vizuri zaidi ni vituo vya treni. Ushauri wake leo ni mmoja: kata tiketi ya kona moja, nyingine ibaki kwa safari nyingine.

KONA YA KASKAZINI: DELHI, AGRA NA JAIPUR

Hii ndiyo njia ya wageni wengi wa mara ya kwanza, na si bure. Miji mitatu inafanya pembetatu. Delhi hadi Agra ni kilomita 200 na ushee, Agra hadi Jaipur ni kama 240, na Jaipur kurudi Delhi hazifiki 300. Siku saba zinatosha bila kukimbia.

Taj Mahal iko Agra. Mfalme Shah Jahan alianza kuijenga mwaka 1632, mwaka mmoja baada ya mkewe Mumtaz Mahal kufariki dunia, na kazi ilichukua miaka kama 20. Marumaru nyeupe ilitolewa Makrana, Rajasthan. Mfanyabiashara wa safari fupi akumbuke kwamba Taj Mahal hufungwa Ijumaa kwa watalii; siku hiyo wanaoingia ni wanaokwenda kuswali tu katika msikiti wake. Watu wamesafiri kutoka mbali wakaishia kuitazama ng'ambo ya mto. Red Fort ya Delhi nayo hufungwa Jumatatu. Ukishajua siku hizo mbili, ratiba ya Delhi na Agra inajipanga yenyewe. Tiketi ya mgeni wa nje ni ghali kuliko ya mwenyeji mara nyingi: bei iliyowekwa Desemba 2018 ilikuwa rupia 1,100 kuingia, na 200 zaidi kwa anayetaka kufika kwenye kaburi lenyewe. Tunza tiketi hadi utoke.

Usiondoke Agra bila kuingia ngome yake. Humo ndimo Shah Jahan alimofungwa na mwanawe Aurangzeb kuanzia 1658 hadi kifo chake 1666, akiwa na dirisha la kuitazama Taj Mahal kwa mbali.

Jaipur ulianzishwa 1727 na Jai Singh II kwa barabara zilizonyooka na vitalu vya maduka vilivyopimwa. Ni mji uliojengwa ukiwa na soko akilini, na mfanyabiashara ataona hivyo mara moja. Huko Delhi, atakayevutwa na harufu ya viungo aende Khari Baoli, karibu na Chandni Chowk, aone mikokoteni na wapagazi wa mabegani wakipishana na magunia ya pilipili na iliki. Utakohoa, lakini nenda.

KONA YA MAGHARIBI: GUJARAT NA KACHCHH

Kwa mtu wa Afrika Mashariki, mwandishi anaipendelea kona hii. Sababu ni kwamba nusu ya hadithi yake tayari unayo nyumbani. Familia nyingi za Kihindi za Zanzibar, Mombasa, Kampala na Bujumbura zina asili ya Kachchh na Kathiawar. Katika karne ya 19 forodha ya Zanzibar ilikodishwa kwa wafanyabiashara Wabhatia wa Kachchh, akiwamo Jairam Shivji, aliyekuwa na nguvu kubwa ya fedha wakati wa Seyyid Said. Wakala wa forodha wa leo anaweza kwenda kuitazama asili ya kazi yake.

Mumbai ndio mlango. Nairobi hadi Mumbai kwa ndege ya moja kwa moja ni kama saa sita. Lala usiku mmoja au miwili, tazama kituo cha treni cha Chhatrapati Shivaji, kilichojengwa enzi za Waingereza na kuingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2004, kisha panda treni ya asubuhi kwenda Ahmedabad. Ni kilomita kama 490, na treni ya Vande Bharat, iliyoanza njia hiyo mwaka 2022, huzimaliza kwa kati ya saa tano na sita.

Ahmedabad ulikuwa mji wa kwanza wa India kuwekwa na UNESCO katika orodha ya miji ya urithi wa dunia, mwaka 2017. Mji wake wa kale una vichochoro vyenye malango viitwavyo pol, na aliyezoea Mji Mkongwe atajisikia hana ugeni mkubwa. Kuna msikiti mdogo wa Sidi Saiyyed, wa mwaka 1573, wenye madirisha ya jiwe lililochongwa kama mti uliosokotana matawi. Jina Sidi linatumika India kwa watu wenye asili ya Afrika, na aliyeujenga alikuwa mmoja wao. Vizazi vyao wapo hadi leo. Katika kijiji cha Jambur, karibu na msitu wa Gir, utakutana na watu wenye sura za kwetu wanaozungumza Kigujarati. Ngoma yao huitwa dhamal, na neno goma bado limo katika msamiati wao. Wanacheza kwa malipo pia, na malipo hayo ni halali yao. Lakini ukienda, salimia kwanza na uombe ruhusa kabla ya kutoa kamera. Si maonyesho ya njiani.

Gir yenyewe ni mahali pekee duniani ambapo simba wa Asia wamebaki porini. Hesabu ya mwaka 2025 ilipata 891. Hifadhi hufungwa kuanzia 16 Juni hadi 15 Oktoba. Aliyekulia jirani na Serengeti au Maasai Mara anaweza kuiruka bila kujutia.

Asichopaswa kuruka ni Mandvi. Kutoka Ahmedabad hadi Bhuj ni kilomita zaidi ya 330, na kutoka Bhuj hadi Mandvi ni kama 60 kwa gari. Pale mtoni Rukmavati mafundi bado wanaunda majahazi makubwa ya mbao, mbavu zikiwa zimesimama wazi ukingoni. Ni vyombo vya ukoo mmoja na vile vilivyokuwa vikishusha mzigo Malindi ya Zanzibar na bandari ya kale ya Mombasa. Mwendo mfupi kutoka hapo iko Mundra, bandari ya leo yenye makontena, ambako huenda kontena lako lilipakiwa. Ndani ya saa chache umeona biashara ya Bahari ya Hindi ya zamani na ya sasa.

Bhuj uliharibiwa vibaya na tetemeko la 26 Januari 2001, lililoua watu wapatao 20,000 katika Gujarat, na umejengwa upya. Kaskazini yake liko jangwa la chumvi la Rann, jeupe kama shuka, ambalo hukauka na kuvutia zaidi kati ya Novemba na Februari. Kuingia kunahitaji kibali, kwa hiyo beba pasipoti. Eneo hilo liko jirani na mpaka wa Pakistani: usipige picha kambi wala askari, na sikiliza habari kabla ya kuondoka. Mei 2025 uwanja wa ndege wa Bhuj na vingine vingi vya upande huo vilifungwa kwa siku kadhaa kutokana na mapigano ya nchi hizo mbili.

Gujarat ina sheria zake. Pombe hairuhusiwi kuuzwa kiholela tangu jimbo lilipoundwa. Kuchinja ng'ombe kuna adhabu inayoweza kufika kifungo cha maisha, kwa hiyo hata utani kuhusu nyama ya ng'ombe uache nyumbani. Chakula ni mboga kwa sehemu kubwa, na kitamu. Mlaji nyama atavumilia siku mbili, ya tatu ataanza kuomba nyongeza.

KASKAZI NDIYO MSIMU

Manahodha walikwenda India na pepo za kusi na kurudi na za kaskazi. Mgeni wa leo afanye kinyume: aende wakati wa kaskazi. Kuanzia Novemba hadi mwanzoni mwa Machi hewa ni kavu na joto ni la wastani. Aprili hadi Juni joto la kaskazini na la Gujarat hupita nyuzi 40. Juni hadi Septemba ni masika yao, yanayoletwa na upepo uleule unaotoka kwetu.

Kaskazi nayo ina kasoro. Delhi hufunikwa na moshi mzito kuanzia mwishoni mwa Oktoba, na Desemba na Januari huja ukungu unaochelewesha treni na ndege. Mwenye pumu aelekee Gujarat. Sikukuu ya Diwali, inayoangukia Oktoba au Novemba kufuatana na mwezi, hujaza treni zote. Kwa anayetaka pia kununua bidhaa ni muhimu kujua kwamba wafanyabiashara wengi wa Gujarat hufunga maduka na viwanda baada ya Diwali kwa siku kadhaa, hadi siku wanayoiita Labh Pancham. Kuna waliofika Surat wiki hiyo na fedha mkononi wakakuta makufuli.

VIZA NA CHANJO

Raia wa nchi kadhaa za ukanda wetu, zikiwamo Kenya na Tanzania, wanaweza kuomba viza ya utalii kwa intaneti. Ipo ya siku 30, ya mwaka mmoja na ya miaka mitano. Iombe mapema, angalau wiki mbili, ingawa kanuni inataja siku nne. Anwani halali ya serikali ya India huishia na gov.in, zipo kurasa nyingi za madalali zinazofanana nayo na kutoza mara mbili au tatu. Anayekwenda kuonana na wauzaji na kusaini mikataba aombe viza ya biashara, si ya utalii. Tangu 1 Oktoba 2025 mgeni hujaza pia kadi ya kuwasili kwa intaneti, ndani ya saa 72 kabla ya kufika.

Cheti cha chanjo ya homa ya manjano kisisahaulike. India ni kali kwa wanaotoka au kupita nchi zenye ugonjwa huo, na asiye na cheti anaweza kuwekwa karantini hadi siku sita. Ni nusu ya likizo imekwisha hapo uwanjani. Cheti huanza kutumika siku 10 baada ya kuchanjwa, kwa hiyo sindano ya jana haikusaidii. Tangu Julai 2016 chanjo moja inatambuliwa kwa maisha yote. Cheti cha zamani usikitupe.

Onyo kwa wasafirishaji: simu za setilaiti kama Thuraya, ambazo baadhi yenu hubeba kwenye njia za Kongo, ni marufuku India bila kibali. Wageni wamekamatwa kwa ajili yake. Iache nyumbani.

TRENI

Treni ndiyo India yenyewe, lakini tiketi hazisubiri mtu. Tangu Novemba 2024 tiketi za kawaida hufunguliwa siku 60 kabla ya safari, na njia maarufu hujaa haraka. Kuna mgao wa watalii wa kigeni. Katika kituo cha New Delhi ofisi yake iko ghorofa ya kwanza, ndani ya jengo la kituo. Mtu yeyote atakayekuambia nje kwamba ofisi imehamishwa, imeungua au imefungwa ni mpiga debe. Mpite.

Jifunze alama tatu za kwenye tiketi. CNF maana yake una nafasi yako. RAC maana yake unapanda, lakini mwanzoni mtashirikiana kiti wawili hadi kitanda kipatikane. WL ni orodha ya kusubiri. Ukibaki WL hadi mwisho husafiri, na tiketi ya intaneti hufutwa yenyewe. Kwa safari ya usiku daraja la 2AC au 3AC linamfaa mgeni. Saa zimeandikwa kwa mtindo wa saa 24: 06:00 ni saa 12 asubuhi, na 00:15 ya tarehe 10 ni usiku wa kuamkia tarehe 10. Hapo ndipo wengi hukosa treni kwa siku nzima.

Barabarani wanaendesha kushoto kama Kenya, Uganda na Tanzania, lakini usikodi gari ujiendeshe. Kodi na dereva. Madereva wa malori watafurahia kusoma matako ya malori ya kule, yamepakwa maua na maneno ya kuomba upigiwe honi. Bajaji huzihitaji kuelezwa, ila wao huziita auto.

LAKI NA MKATO WAKE

Sisi tunasema laki, na neno hilo tumelitoa kwao. Lakini wanavyoliandika kunaweza kukutia hasara: laki moja na nusu huandikwa 1,50,000, na milioni 10, wanayoiita crore, huandikwa 1,00,00,000. Mwenye haraka husoma mikato badala ya tarakimu. Hesabu sifuri kabla ya kulipa.

Ukiingia na noti za fedha za kigeni zinazozidi dola 5,000, au jumla ya zaidi ya dola 10,000 pamoja na hundi za wasafiri, lazima utoe taarifa forodhani. Wafanyabiashara wetu hupenda kubeba taslimu, na wengine hunyamaza. Kutangaza hakutozwi kitu. Kunyamaza kunaweza kugharimu zote. Ukibadilisha fedha, kataa noti za zamani za 500 na 1,000 zilizofutwa Novemba 2016, na za 2,000 zilizoondolewa kuanzia Mei 2023.

Fedha ya kununulia mzigo iwe mbali na fedha ya kutembea, ikiwezekana katika akaunti tofauti. Si suala la nidhamu tu. Katika Agra na Jaipur kuna matapeli wanaowatafuta hasa watu wenye lugha ya biashara. Hukaribishwa chai, mkazungumza siku mbili kama ndugu, kisha linakuja pendekezo: beba vito hivi, au vipokee kwa posta, umkabidhi mnunuzi nchini kwako, utapata kamisheni nzuri, tunachohitaji ni kadi yako kama dhamana. Vito ni glasi na mnunuzi hayupo. Mtalii wa kawaida huogopa mapema. Mfanyabiashara ndiye anayenaswa, kwa sababu anaona hesabu ya faida na anajiamini kwamba anajua kupima mtu.

Kwa hiyo manunuzi yawe mwisho wa safari. Anayezunguka Gujarat aache Surat kwa siku mbili za mwisho, iko njiani kurudi Mumbai. Vitu vya sanaa vyenye umri wa zaidi ya miaka 100 haviruhusiwi kutoka India, kwa hiyo kwa sanamu au sanduku linaloonekana la kale dai stakabadhi inayosema ni kazi mpya. Na unapopiga simu nyumbani kuuliza kama lori limefika mpakani, kumbuka India iko mbele ya Nairobi na Dar es Salaam kwa saa mbili na nusu, na mbele ya Kigali, Bujumbura na Lubumbashi kwa saa tatu na nusu. Saa 6 mchana ya Ahmedabad ni saa 3 na nusu asubuhi Tunduma. Karani wako ndiyo kwanza anafungua ofisi.